Shangazi, Leseni ya Dunia Nzima Haipo

Najua nimekuwa kimya humu, na wale mnaosubiri sehemu ya pili ya yale mambo ya hifadhidata mnivumilie kidogo. Leo naandika kuhusu leseni za marubani. Tarakilishi imo ndani, msiogope, na kosa langu mwenyewe limo pia.

Jambo lenyewe lilianzia kwa shangazi yangu, Jumapili moja baada ya chakula. Binamu yangu alikuwa amerudi kutoka Marekani miezi miwili kabla ya hapo, na leseni ya urubani wa biashara mfukoni. Aliitoa tukaizungusha mezani. Ni kadi ya plastiki kama ya benki, ina picha ya wale ndugu wawili Wright, lakini haina picha ya mwenyewe! Nilicheka. Shangazi hakucheka. Alikuwa ameuza kipande cha shamba ili kadi hiyo ipatikane, na mwanawe alikuwa amezunguka kampuni tatu za ndege hapa Nairobi akaambiwa maneno yaleyale: leseni hii bado, nenda ukaibadilishe kwanza.

Akanigeukia. "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma mambo ya tarakilishi. Si ulituambia hii ni leseni ya dunia nzima?"

Kweli nilisema. Miaka mitatu kabla ya hapo nilikaa kwenye kiti kilekile nikiwa na kipakatalishi, nikawasomea tangazo la shule moja ya urubani lililosema wanafunzi wake wanapata "leseni ya ICAO inayokubalika kimataifa". Nikaeleza kwa madaha kwamba ICAO ni shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa, nchi 193 ni wanachama, kwa hiyo kiwango ni kimoja. Nikatoa hata mfano wa intaneti: mradi kila mashine inafuata itifaki moja, zote zinazungumza. Watu wakatikisa kichwa kukubali. Mtu aliyesoma akisema jambo mezani, nani atampinga?

Haya, tuanze hapo. ICAO haitoi leseni kwa rubani yeyote. Inaandika viwango vya chini, kwenye Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago, na kila nchi inatunga sheria zake juu ya viwango hivyo na kutoa leseni zake. Nchi ikitaka kwenda tofauti na kiwango inaruhusiwa, bora itoe taarifa. Wenzangu wa programu mtaelewa: ICAO ni maelezo ya mfumo, si mfumo wenyewe. Ukisema una "leseni ya ICAO" ni sawa na kusema umenunua simu ya "kampuni ya Bluetooth".

Mkataba wenyewe ulitiwa saini tarehe 7 Desemba 1944, na vifungu viwili ndivyo vinavyochanganya watu. Kifungu cha 33 kinasema nchi zitatambua leseni za nchi nyingine mradi masharti yaliyotumika kuzitoa yafikie kiwango cha chini au yakipite. Ukisoma hicho peke yake, unaona kama nilivyoona mimi: mambo kwisha. Lakini kabla yake kuna cha 32, na hicho kinasema rubani wa ndege inayofanya safari za kimataifa awe na leseni iliyotolewa, au kuthibitishwa, na nchi ambako ndege imesajiliwa.

Soma tena. Nchi ya ndege. Si nchi ya rubani, wala si nchi iliyo chini ya mabawa. Ndege ya Ethiopia ikitua Nairobi na marubani wenye leseni za Ethiopia, Kenya inawatambua, na hiyo ndiyo kazi ya kifungu cha 33. Haina maana kwamba rubani yule anaweza kushuka, akavuka lami, akapanda ndege yenye alama za 5Y na kuondoka nayo. 5Y ni Kenya. Anahitaji karatasi ya Kenya.

Kuna kipande kingine cha kifungu cha 32 ambacho sijawahi kusikia kikitajwa na wauza masomo: nchi inaweza kukataa kutambua, kwa safari za juu ya ardhi yake yenyewe, leseni ambayo raia wake amepewa na nchi nyingine. Yaani binamu yangu, akiwa Mkenya, ndiye hasa ambaye mkataba unaipa Kenya haki ya kumwambia "hapa nyumbani hiyo hapana".

Marekani nao wana nyongeza yao: sheria yao inaruhusu ndege yenye alama ya N, ikiwa ndani ya nchi nyingine, iendeshwe na mtu mwenye leseni ya nchi ile. Kwa hiyo Mkenya mwenye leseni ya Kenya anaweza kuruka na ndege ya N hapa Kenya, lakini akivuka mpaka kuingia Tanzania, ruhusa hiyo imeishia mpakani. Nilipomwambia shangazi hivyo alisema nimeanza kumchanganya makusudi.

Sasa kichekesho chenyewe ni kwamba wakati huohuo nilikuwa na kazi Wilson. Kampuni ndogo pale, yenye shule na ndege chache za kukodi, ilitaka programu ya kufuatilia karatasi za marubani: nani aruke, nani asiruke. Kijani au nyekundu. Nikaichukua kwa bei ya kutupa, kwa sababu niliona ni kazi ya wikendi mbili. Jedwali moja, safu nne: jina, namba ya leseni, aina ya leseni, tarehe ya kuisha. Ikiwa leo haijafika tarehe hiyo, kijani. Nani hawezi kuandika hiyo?

Mkufunzi mkuu wa pale, ambaye kila mtu anamwita Kapteni tu, aliifungua siku ya kwanza akakuta jina lake lina rangi nyekundu. Ana miaka 66. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba marubani hustaafu wakifika 65, nikaiandika kama sheria. Akanikalisha chini. Kikomo cha 65 kwenye viwango vya ICAO kinahusu safari za kimataifa za kibiashara zenye rubani zaidi ya mmoja, na kwa rubani aliye peke yake ni 60. Hakisemi leseni inakufa siku ya kuzaliwa. Yeye anafundisha vijana kupaa na kutua kwenye ndege ndogo, habebi abiria wa kulipa. "Kijana," akasema, "umenistaafisha kwa mstari mmoja."

Kapteni ndiye aliyenionyesha kwamba hakuna kitu kinachoitwa tarehe ya kuisha. Zipo nyingi, na ya leseni yenyewe mara nyingi ndiyo isiyo na maana sana. Kadi ya binamu yangu, kwa mfano, haina kabisa. Mamlaka ya Marekani, FAA, hutoa leseni za urubani zisizoisha. Nilipojaribu kumwingiza kwenye programu kama data ya majaribio, safu ya tarehe ikawa tupu, programu ikagoma. Nikafanya kile ambacho sote tumewahi kufanya tukidhani hakuna anayeona: nikaweka 31/12/9999. Binamu yangu akawa kijani mpaka mwisho wa dunia.

Lakini leseni isiyoisha haikuruhusu kuruka. Kwa sheria hizohizo za Marekani lazima uwe umefanyiwa mapitio na mkufunzi ndani ya miezi 24. Kubeba abiria lazima uwe umepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90. Na lazima cheti cha afya kiwe hai. Binamu yangu alikuwa hajagusa ndege kwa miezi minne. Kwa hiyo hata huko Marekani kwenyewe asingeweza kumbeba mama yake siku ile, na kadi haionyeshi hilo popote.

Cheti cha afya kilinimaliza kabisa. Niliweka safu moja: daraja la 1, la 2, la 3. Kwenye viwango vya ICAO daraja la 1 ni la marubani wa biashara, la 2 ni la urubani binafsi, na la 3 ni la waongoza ndege, wale wanaokaa kwenye mnara. Kwa Wamarekani daraja la 3 ni la rubani binafsi. Namba moja, maana mbili, na hifadhidata yangu haikujua tofauti. Halafu cheti cha daraja la 1 cha Marekani, kwa mtu aliye chini ya miaka 40, kina nguvu ya daraja la 1 kwa miezi 12, kisha kinashuka ngazi, na kinaendelea kutumika kwa urubani binafsi hadi miezi 60 itimie. Karatasi ileile! Tarehe yake ya kuisha inategemea leo unakwenda kufanya nini. Na hesabu yao inaishia siku ya mwisho ya mwezi, si siku uliyopimwa. Ukipimwa tarehe 3, unazawadiwa wiki karibu nne.

(Kwa wale wanaoniuliza kuhusu miwani: inaruhusiwa. Hata kwa daraja la 1 la ICAO macho hupimwa ukiwa umevaa miwani yako, yafikie 6/9 kila jicho na 6/6 yote mawili pamoja. Sijui nani alianza ule uvumi wa macho kamili, lakini umewakatisha tamaa wanafunzi wengi wazuri.)

Usiku pia una mambo yake. Nilitaka programu ihesabu saa za usiku yenyewe, kwa kuwa marubani huziandika vibaya. Marekani wana usiku tatu: taa za ndege ziwashwe jua likizama, saa za usiku kwenye daftari zianze utusitusi wa jioni ukiisha, na kutua kwa usiku kunakohesabiwa kwa ajili ya kubeba abiria kuanze saa nzima baada ya jua kuzama. Waingereza wanasema usiku ni nusu saa baada ya jua kuzama. Huku kwetu karibu na ikweta giza halina subira, utusitusi unakwisha kwa dakika ishirini na kitu. Jua likizama saa kumi na mbili na nusu jioni na ukatua saa moja kasoro dakika tano, umetua usiku kwa daftari la Mmarekani, hujatua usiku kwa Mwingereza, wala kwa Mmarekani yuleyule akitaka kubeba abiria. Nilifuta sehemu hiyo yote. Waandike wenyewe.

Kiingereza nacho. Tangu Machi 2008 rubani wa safari za kimataifa lazima awe na angalau kiwango cha 4 kati ya 6, na hata aliyezaliwa London lazima athibitishwe. Nikatengeneza safu ya namba. Kadi ya Marekani haina namba, imeandikwa tu kwamba mwenyewe anakimudu Kiingereza.

Mpaka hapa haya yote ni vichekesho vya mtu anayelipwa kidogo. Kisha ikaja asubuhi moja ambayo bado naikumbuka vibaya.

Kampuni ilikuwa na rubani mgeni, mtu mzuri, mwenye saa nyingi kuliko wote pale isipokuwa Kapteni. Hakuwa na leseni ya Kenya. Alikuwa na uthibitisho. Hapa lazima nieleze, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea. Leseni ya kigeni inaingia nchini kwa njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha: unafanya mitihani inayotakiwa, unapimwa, unapewa leseni ya nchi hii, na hiyo inajitegemea. Ya pili ni kuthibitisha: nchi hii inasema, kwa muda fulani, leseni yako ya kwenu tunaikubali kwenye ndege zetu. Uthibitisho hauna maisha yake. Unaning'inia kwenye leseni ya asili, na haiwezekani uishi kuipita. Leseni ya kwao ikilala, uthibitisho umelala nao. Wenzangu, huo ni ufunguo wa kigeni kwa maana zote mbili, na mimi niliuhifadhi kama namba ya kawaida isiyoungana na chochote.

Basi cheti chake cha afya cha kwao kilikuwa kimepita siku mbili kabla. Mwenyewe alikuwa amechanganya, kwani alikuwa na cha pili kilichopimwa hapa akadhani kimoja kinafunika kingine. Programu yangu ilisoma tarehe iliyo kwenye uthibitisho, ikaona imebaki miezi mitano, ikaweka kijani. Abiria wa kwenda Mara walikuwa wameshapimiwa mizigo. Dada wa ofisi ya safari, ambaye hakuwahi kuiamini programu yangu na alikuwa bado anaweka faili lake la karatasi kwenye droo, akafungua faili kabla ya kutia saini. Akamwita Kapteni. Wakatafuta rubani mwingine, abiria wakachelewa saa moja na kidogo wakilalamika kuhusu chai.

Hakuna aliyeumia. Lakini ile ndege ingekwenda na tairi likapasuka tu kule, kampuni ya bima ingekuwa na sababu tosha ya kukunja mikono, na rubani angehesabiwa ameruka bila leseni. Dada yule hakunigombeza. Alinionyesha faili tu, akasema, "Kaka, mimi huanza na ndege, halafu ndiyo namtafuta mtu."

Maneno hayo yalinifanya nifute programu karibu yote. Sasa hakuna mahali inapouliza kama leseni ni halali. Inauliza: mtu huyu, ndege hii yenye alama hizi, safari ya aina hii, kuanzia hapa mpaka kule, tarehe hii. Ukibadilisha kimoja, jibu linaweza kugeuka. Ilinichukua miezi minne badala ya wikendi mbili na sikuongezwa pesa.

Watu huniuliza, Jumuiya ya Afrika Mashariki je? Si tumeungana? Tuna wakala wetu, CASSOA, makao yake Entebbe, tangu 2007, na kazi yake kubwa ni kuoanisha kanuni. Kanuni zinafanana sana. Leseni bado kila nchi inatoa yake, na 5Y, 5H na 5X ni milango mitatu. Ulaya ndiko walikofika mbali: leseni iliyotolewa na nchi moja mwanachama inatumika kwenye ndege za wanachama wote. Lakini angalieni lililowapata Waingereza. Walikuwemo ndani mpaka tarehe 31 Desemba 2020. Asubuhi yake leseni zilizotolewa Uingereza zilikoma kuruhusu kuruka ndege zilizosajiliwa kwenye Umoja wa Ulaya. Rubani ni yuleyule, mikono ni ileile, na kwenye kadi hakuna herufi iliyobadilika.

Na upande wa pili ni hivyohivyo. Rubani wetu mwenye maelfu ya saa akienda Marekani na kuomba leseni kwa msingi wa ile ya Kenya bila mitihani ya kule, njia hiyo inampa leseni ya urubani binafsi tu. Hata awe kapteni wa ndege kubwa.

Niseme kidogo juu ya saa 1,500, maana binamu yangu aliambiwa na kila mtu kwamba chini ya hapo haajiriwi popote. Hiyo ni sheria ya Marekani kwa mashirika yao, na hata kwao ina punguzo kwa waliopitia jeshi au vyuo fulani. Ilianza kutumika 2013, baada ya ndege ya Colgan Air kuanguka karibu na Buffalo tarehe 12 Februari 2009 na kuua watu 50. Ajabu ni kwamba kapteni wa ndege ile alikuwa na zaidi ya saa 3,000 na msaidizi wake zaidi ya 2,000. Nchi nyingi humruhusu rubani msaidizi kuanza na saa mia mbili na kitu, akiwa na mafunzo yanayotakiwa juu yake. Binamu yangu ana 260. Si mtu wa kukatiwa tamaa.

Nilirudi kwa shangazi nikamwambia yote haya, kwa lugha nyepesi zaidi kuliko hii. Nikamwambia pia kwamba nilisoma tangazo nikaliita utafiti. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kubadilisha ni pesa ngapi. Nikamtajia. Nusu nimeitoa mimi, na hilo halikuwa na mjadala.

Binamu amefaulu mtihani wa sheria za anga. Daktari amempitisha. Ile barua ya Wamarekani ya kuhakiki kwamba leseni ni yake kweli ilifika Alhamisi, na mtahini amempangia safari ya majaribio wiki ijayo, mvua ikikubali. Kwenye programu bado ni mwekundu kwa kila ndege ya 5Y niliyomjaribia. Shangazi ameshaniambia nimpeleke Wilson siku hiyo, na petroli ni juu yangu.